Ukuta, Bustani na Beit al-Ajaib: Uwekezaji wa Umma katika Ufukwe wa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Ukanda wa ufukwe unaoanzia Bandari ya Malindi, ukafuata barabara ya Mizingani mbele ya Zahanati Kongwe na Beit al-Sahel, ukafungukia Bustani ya Forodhani mbele ya Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe, kisha ukapinda kuelekea Shangani, ni mwendo mfupi tu kwa mtu anayetembea kwa miguu. Hata hivyo, ni vigumu kupata sehemu nyingine ya pwani ya Afrika Mashariki ambayo, kwa udogo wake, imepitiwa na fedha za mifuko mingi na ya namna mbalimbali kiasi hicho: bajeti ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, mkopo wa Benki ya Dunia, ruzuku ya Umoja wa Ulaya kwa upande wa bandari, msaada wa Serikali ya Oman, fedha za taasisi ya Aga Khan, na mtaji wa wawekezaji wa hoteli. Mji mzima ambao ukanda huu ni uso wake, wenye eneo la hekta 96 na majengo yapatayo 1,700, uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Matokeo ya fedha hizo hayalingani. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009 na hadi leo hujaa watu kila jioni. Ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya na umesimama. Lakini Beit al-Ajaib, jengo kubwa na maarufu kuliko yote ya ukanda huu, ambalo lilikuwa limetengewa fedha na likiwa mikononi mwa mafundi, liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Desemba 2020, na watu 2 wakapoteza maisha. Kwa nini sehemu moja ya ufukwe ifanikiwe na nyingine ianguke, ilhali zinatazamana, zimepata wafadhili, na zimesimamiwa na serikali hiyo hiyo? Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba tofauti haikutokana na wingi wa fedha. Fedha ziliweza kujenga kila kilichokuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, lakini hazikuwa na mahali pa kuingilia katika kazi isiyokwisha ya kulitunza jengo mwaka baada ya mwaka.

Ili kuelewa jambo hilo, ni lazima kurudi nyuma kidogo katika historia ya umiliki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wamiliki wengi wa nyumba za mawe, hasa wa asili ya Kiarabu na Kihindi, waliondoka visiwani au nyumba zao zilitaifishwa. Majumba yaliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja na watumishi wake yakagawanywa vyumba na kupangishwa kwa familia kadhaa kwa kodi ndogo sana, nyingi zikiwa familia zilizotoka Ng'ambo, mashamba na Pemba. Wakati huo huo serikali mpya ilielekeza nguvu zake Ng'ambo, upande wa pili wa ile iliyokuwa hori ya Pwani Ndogo, ambako maghorofa ya Michenzani yalianza kujengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Haifai kuulaumu uamuzi huo kwa wepesi. Ng'ambo ndiko walikoishi wengi, na ndiko serikali za kabla yake zilikokuwa zimewaacha watu katika vibanda visivyo na maji wala barabara. Kwa miaka ya 1960 na 1970, kutumia fedha za umma kupaka chokaa majumba ya masultani na matajiri lingekuwa jambo gumu kulieleza kwa mwananchi wa kawaida.

Hata hivyo, gharama ya kuuacha Mji Mkongwe ilianza kuonekana mapema. Tathmini ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iliyofanywa kwa msaada wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ilikuta sehemu kubwa ya majengo yakiwa katika hali mbaya, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Sheria ya hifadhi ikafuata mwaka 1994, ikatanguliwa na kusindikizwa na mpango wa kina uliotayarishwa pamoja na Aga Khan Trust for Culture, taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, chini ya msanifu Francesco Siravo, kisha sheria mpya ikapitishwa mwaka 2010. Kwa hiyo tangu mwanzo hapakukosekana sheria, ramani wala wataalamu. Yeyote anayedai kwamba Mji Mkongwe umeharibika kwa sababu hakukuwa na mpango hajasoma makabati ya ofisi husika.

Kilichokosekana kinaonekana vizuri zaidi mtu akitazama jinsi nyumba zenyewe zinavyokufa. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake wa takriban mita 3 ndio ulioamua upana wa vyumba na hivyo sura ya nyumba nzima. Mfumo huu unastahimili jua na chumvi, lakini una adui mmoja mkubwa, nalo ni maji yanayokaa. Ukuta wa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, mradi uachwe upumue na mradi maji ya mvua yasiingie kwa juu. Paa la bati likitoboka na lisizibwe kabla ya masika, maji hushuka ndani ya ukuta, huyeyusha chokaa iliyoshika mawe, na hufikia ncha za boriti zilizopachikwa ukutani, ambazo huoza pale pale zilipofichika. Chumba cha juu kinapogeuzwa bafu bila mabomba ya kutosha, maji yanayovuja hufanya kazi ile ile kila siku, si katika mvua tu. Na mpangaji au mmiliki anapojaribu kuokoa ukuta kwa kuupiga lipu ya saruji, huwa ameufungia unyevu ndani, kwa kuwa saruji haipumui kama chokaa. Ukuta huonekana mzuri kwa misimu michache huku ukidhoofika ndani.

Karibu kila kazi inayohitajika hapa ni ndogo. Kubadilisha bati chache, kusafisha mfereji wa paa, kuziba mpasuko kwa chokaa iliyolowekwa vizuri, kubadili boriti mbili kabla hazijaivuta dari nzima. Fundi mzoefu wa chokaa anaweza kuzimaliza kwa siku chache, na gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ukarabati mkubwa. Lakini nani alipe? Mpangaji wa nyumba ya serikali hulipa kodi isiyotosha hata bati, na hana sababu ya kutia fedha zake katika nyumba isiyo yake. Nyumba za wakfu, zinazosimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, zina tatizo la aina hiyo hiyo, kwani kodi zake nyingi ni za zamani na wanufaika wake ni wengi. Nyumba za watu binafsi mara nyingi zina warithi waliotawanyika kati ya Unguja, Dar es Salaam, Muscat, Dubai na Uingereza, na hakuna hata mmoja anayeweza kuamua peke yake. Huu ndio msingi ambao miradi mikubwa ya ufukweni iliwekwa juu yake.

Mradi wa kwanza unaostahili kutazamwa kwa makini ni wa Forodhani. Bustani hii ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, mahali palipokuwa na shughuli za forodha kabla ya bandari mpya kujengwa Malindi. Kufikia miaka ya 2000 ilikuwa imechakaa: ukuta wake wa bahari ulikuwa unaliwa na mawimbi, taa zilikuwa chache, maji ya mvua yalituama, na mamia ya watu waliokuja jioni kula pweza, mishkaki, urojo na kunywa juisi ya miwa walifanya hivyo katikati ya moshi na uchafu usio na mahali pa kwenda. Aga Khan Trust for Culture, kwa makubaliano na serikali, iliifunga bustani mwaka 2008, ikaimarisha ukuta, ikaweka mifereji, taa, njia za mawe, miti, eneo la watoto na mahali maalumu pa wauza vyakula, na bustani ikafunguliwa upya mwaka uliofuata.

Kisa cha Forodhani kinasifiwa mara nyingi kwa uzuri wake, lakini kilichokiokoa, kwa maoni yangu, ni maamuzi mawili yasiyohusu uzuri. La kwanza ni kwamba wauza vyakula walihesabiwa kuwa sehemu ya bustani. Walihamishwa kwa muda wakati wa ujenzi na wakarudishwa kwa utaratibu. Ingekuwa rahisi kuwaondoa kabisa kwa kisingizio cha usafi, kama ilivyotokea katika miji mingi, na kubaki na bustani safi isiyo na mtu. La pili ni kwamba fedha nyingi zilizama chini ya ardhi na nyuma ya ukuta, mahali ambapo mgeni hapigi picha. Matokeo yake ni bustani ambayo familia ya Mwanakwerekwe huitumia Ijumaa jioni sawasawa na mtalii aliyetoka meli ya Dar es Salaam, na ambayo vijana wa makachu, wanaoruka kutoka ukutani na kupinduka hewani kabla ya kutua majini, wameigeuza kuwa jukwaa lao bila kuombwa na mpango wowote. Bustani ina kasoro zake, bei za vyakula zikiwa miongoni mwa hizo, maana mwenyeji na mgeni hawatajiwi bei moja. Lakini imebaki kuwa mali ya watu wa mji.

Upande wa Mizingani kazi ilikuwa ya kihandisi zaidi, na chanzo cha fedha kilikuwa kingine. Mwaka 2011 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 38 kwa Mradi wa Huduma za Miji Zanzibar, ukaongezwa dola milioni 55 mwaka 2016. Ifahamike kwamba huu ni mkopo wenye masharti nafuu, si zawadi. Utalipwa na walipakodi, pamoja na wale wa Wete na Mkoani, ambao miji yao nayo iliguswa na mradi. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye mifereji ya maji ya mvua ya maeneo ya Ng'ambo yaliyokuwa yakifurika kila masika, taa za barabarani na ukusanyaji wa taka. Ukuta wa Mizingani, wenye urefu wa zaidi ya mita 300, ulikuwa kipande kimoja tu cha mradi huo.

Kipande hicho kilihitajika kwa sababu zinazoeleweka kwa kila anayeijua bahari ya upande huu. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika bandari ya Unguja hukaribia mita 4, na maji makuu yakikutana na upepo yaliupiga ukuta wa zamani hadi yakamwagika barabarani, huku mchanga uliokuwa nyuma yake ukifyonzwa kidogo kidogo na kuacha mashimo chini ya lami. Barabara hiyo ndiyo njia ya malori ya bandari. Pembezoni mwake kuna misingi ya Zahanati Kongwe, jengo lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan mwaka 1887 na kukarabatiwa na taasisi ya Aga Khan katika miaka ya 1990, na ya Beit al-Sahel, kasri la mwisho la masultani. Ukuta ulipojengwa upya ukapata na njia pana ya kutembelea, mabenchi na taa, na watu wakaanza kukaa mahali ambapo zamani walipita kwa haraka.

Jambo moja kuhusu mifereji lafaa kusisitizwa, kwa kuwa halionekani katika picha za ufunguzi. Maji ya mvua ya mji hutoka kwa mvuto wa ardhi hadi baharini. Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imejaa, mdomo wa mfereji huwa chini ya maji, na maji ya mji hayana pa kwenda mpaka bahari ipwe. Kwa sababu hiyo upana wa mfereji pekee hautoshi, na usafi wake ni muhimu kuliko hata ukubwa wake, maana mfereji uliojaa mifuko na mchanga hupoteza muda ule mfupi ambao bahari inauruhusu kumwaga. Hapa tena tunarudi kwenye kazi ndogo ya kila wiki, ambayo mkopo hauigharimii. Mkopo hujenga mfereji, na manispaa ndiyo inayotakiwa kuuzoa mchanga.

Kuhusu uwekezaji wa hoteli nitasema machache tu. Jengo la Mambo Msiige huko Shangani, la katikati ya karne ya 19, lilikuwa mali ya umma na lilikodishwa kwa mwekezaji, ambaye alilikarabati na kuongeza jengo jipya pembeni yake. Hoteli ya Park Hyatt ikafunguliwa hapo mwaka 2015. Jengo la zamani limepona, hilo halina ubishi. Lakini Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia urefu na ukubwa wa jengo lililoongezwa, na mahali palipokuwa wazi kando ya bahari pakapungua. Serikali ilipata mkarabati aliyelipa mwenyewe, na malipo yake yakawa ni sehemu ya ufukwe. Mabadilishano ya namna hiyo yanaweza kukubalika mara moja. Yakiwa ndiyo njia ya kawaida ya kuokoa kila jengo la umma lililochakaa, ukanda wote wa bahari utakuwa wa wageni wa hoteli, na Forodhani itabaki peke yake ikibeba mji mzima.

Sasa tufike Beit al-Ajaib. Sultan Barghash bin Said alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya shughuli za kifalme, na halikufanana na nyumba za jirani: lina ghorofa zenye kumbi pana, roshani zinazolizunguka pande zote zikishikwa na nguzo za chuma cha kalibu zilizoletwa kutoka nje, na lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kabisa katika eneo hili kuwashwa taa za umeme. Mizinga ya Waingereza ilipolipiga eneo la kasri tarehe 27 Agosti 1896, majengo ya jirani yaliangamia na mnara wa taa uliokuwa mbele yake ukaharibika. Lenyewe likabaki, na mwaka uliofuata likaongezewa mnara wa saa katikati ya uso wake. Baadaye likawa ofisi za serikali ya ukoloni, kisha likatumiwa na Chama cha Afro-Shirazi baada ya Mapinduzi, na hatimaye likawa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na pwani ya Waswahili, ukumbini kukiwa na mfano wa mtepe, chombo cha bahari cha kale cha Waswahili, ulioshonwa kwa kamba bila msumari.

Kwa mtazamo wa ujenzi, sifa zile zile zilizolifanya liwe la ajabu ndizo zilizolifanya liwe hatari. Kumbi pana zinahitaji vyuma virefu vya kubeba sakafu, na chuma kilichozikwa ndani ya zege au ukuta karibu na bahari hula kutu, hutanuka, na huupasua ukuta uliokishika. Nyumba ya boriti na chokaa hutoa ishara kwa muda mrefu kabla ya kuanguka, kwani dari huinama na lipu hudondoka. Jengo la vyuma vilivyofichika huweza kuonekana imara huku viungo vyake vikiwa vimekwisha. Kwa hiyo jengo hili lilihitaji kuchunguzwa mara nyingi zaidi kuliko majengo mengine, na kwa vifaa ambavyo fundi wa kawaida hana.

Onyo lilitolewa hadharani. Mwaka 2012 sehemu ya jengo ilianguka na makumbusho yakafungwa kwa wageni. Mwaka 2014 World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, ililiweka jengo hili, pamoja na kasri la jirani, katika orodha yake ya maeneo yanayohitaji uangalizi. Serikali ya Oman, ambayo ina sababu za kihistoria na za kindugu za kulijali, ilikubali kugharimia ukarabati. Kati ya kufungwa kwake mwaka 2012 na kuporomoka kwake mwishoni mwa 2020 kulipita miaka 8. Katika muda huo Mizingani ulijengwa ukuta mzima na Shangani ikafunguliwa hoteli.

Ni rahisi kutafuta mkosaji mmoja katika ajali ya Desemba 2020, na uchunguzi wa chanzo chake ulikuwa ni kazi ya wahandisi. Mimi nataka kutazama ile miaka 8. Jengo lililofungwa halina wa kuliona. Walinzi hukaa mlangoni, lakini hakuna anayepanda juu ya paa, hakuna mgeni anayeuliza kwa nini kuna dimbwi ukumbini, na njiwa na mvua huachiwa ghorofa za juu. Kila mtu alikuwa akisubiri mradi. Kwa kuwa mradi mkubwa ulikuwa unakuja, kutumia fedha za bajeti ya mwaka kuegemeza nguzo au kuziba paa kulionekana kama kulipa mara mbili. Mantiki hiyo inaeleweka katika ofisi yoyote yenye fedha chache, nayo ndiyo iliyolipunguzia jengo miaka yake ya mwisho. Mfadhili anapoahidi, ahadi yenyewe husimamisha matengenezo, na kadiri majadiliano yanavyorefuka ndivyo jengo linavyozidi kuwa bovu kuliko lile lililopigiwa hesabu mwanzoni. Mafundi hatimaye huingia katika jengo ambalo si lile lililoandikwa kwenye mkataba.

Forodhani na Mizingani hazikukabiliwa na hatari hiyo kwa sababu hazikuwa na ndani. Bustani na ukuta viko wazi kwa macho ya watu wote; taa ikizimika au jiwe likibanduka, maelfu huliona siku hiyo hiyo na kulalamika. Tena vilijengwa karibu upya, kwa hiyo miaka yao ya mwanzo ya uhai ndiyo ya gharama ndogo. Mafanikio yao yatapimwa kwa haki baada ya miaka 30, si leo. Chumvi ya bahari haijali kama ukuta ni mpya, na mimi nisingependa kuona mafanikio ya sasa yakichukuliwa kuwa ushahidi kwamba tatizo la matengenezo limetatuliwa upande ule.

Kuna jambo jingine ambalo miradi ya ufukweni haikulikusudia lakini imelisababisha. Uso wa mji ulipopendeza, nyumba zilizo nyuma yake zilipanda thamani, na njia nyepesi ya kuzikarabati ikawa kuzigeuza nyumba za wageni. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000 mwaka 2023, na wengi wao hulala au hupita Mji Mkongwe. Nyumba iliyogeuzwa hoteli hupata paa jipya, hilo ni kweli, lakini familia zilizokaa barazani kila jioni huhamia Fuoni, Tunguu au Mombasa ya Unguja, na mtaa hubaki na maduka ya vinyago yanayofunga saa mbili usiku. UNESCO iliuorodhesha mji huu kwa ajili ya mchanganyiko wa tamaduni ulioishi ndani yake, si kwa milango ya kuchongwa peke yake. Fedha za umma zinazoinua thamani ya ardhi bila kumlinda mpangaji zinaishia kumlipia nauli ya kuhama.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo mwingine, wa dola milioni 150, kwa mradi unaojulikana kwa kifupi kama BIG-Z (Boosting Inclusive Growth for Zanzibar, yaani kukuza uchumi jumuishi wa Zanzibar), ambao kati ya shughuli zake ni kuhifadhi majengo ya Mji Mkongwe pamoja na kujenga miundombinu ya miji. Serikali pia imetangaza azma ya kuhamishia shughuli kubwa za mizigo katika bandari ya Mangapwani, jambo litakalouondolea ukanda wa Malindi malori mazito. Hatua zote mbili ni za maana, na ya pili huenda ikaufaa mji kuliko ukarabati wa jengo lolote moja, kwa kuwa itaondoa mtikisiko wa magari na kuifungua sehemu ya kaskazini ya ufukwe. Lakini zote mbili ni miradi. Zina tarehe ya kuanza na ya kufungwa, zina ripoti ya mwisho, na baada ya ripoti hiyo ofisi ya mradi huvunjwa na wataalamu wake hutafuta kazi kwingine.

Fedha za kazi isiyo na tarehe ya mwisho lazima zitoke ndani, na si kweli kwamba hazipo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni aliye mtu mzima anayeingia Zanzibar hulipa dola 44 za bima ya lazima, na malipo hayo yamezoeleka kwa muda mfupi. Tukifanya hesabu kwa wageni wa mwaka 2023, dola 1 tu kwa kila mgeni ingezidi dola 638,000 kwa mwaka, ambazo zikigawanywa kwa majengo 1,700 ni zaidi ya dola 370 kwa kila jengo. Kiasi hicho hakijengi kasri, lakini kinatosha kuanzisha ukaguzi wa mapaa kila mwaka kabla ya masika, akiba ya chokaa na boriti, na mishahara ya kikosi cha mafundi wa kudumu chini ya Mamlaka, ambao wangeingia katika nyumba za serikali na za wakfu kwa haki na katika za watu binafsi kwa makubaliano ya kurudisha gharama kidogo kidogo. Sharti lake ni kwamba fedha hizo ziwekwe katika mfuko wenye kifungu chake wenyewe katika bajeti, usioweza kuhamishiwa matumizi mengine pale mwaka unapokuwa mgumu, na hesabu zake zitangazwe kwa wakazi wa shehia zinazohusika.

Kazi ya kulisimamisha tena Beit al-Ajaib ndiyo nafasi ya karibu zaidi ya kujaribu utaratibu huo. Mkataba wa aina yake unapaswa kuwa na mambo matatu ambayo huko nyuma hayakupewa uzito unaostahili: gharama za ukaguzi wa vyuma na paa kwa miaka isiyopungua 20 baada ya ufunguzi, zikiwa zimeonyeshwa kando ya gharama za ujenzi, sehemu ya mapato ya kiingilio itakayobaki katika jengo lenyewe, na taasisi moja iliyotajwa kwa jina, si kamati ya wizara tatu, itakayowajibika kulifunga, kulitegemeza na kutangaza sababu pindi mpasuko wa kwanza utakapoonekana.